Mtihani wa Huruma

Jumatatu, 4 Machi

Shule imefunguliwa leo, na mvua nayo imefungua ya kwake. Wanangu wa darasa la tano nimewakuta wamesongamana upande wa ubao kwa sababu upande wa dirisha bati linavuja palepale lilipovuja mwaka jana na mwaka juzi. Nimetega ndoo. Ndoo hiyo ndiyo ukarabati pekee niliouona tangu nihamie hapa.

Tumeanza na Duara, kama kila siku. Nieleze, maana daftari hili huenda likaokotwa na mtu siku presha itakaponichukua. Duara ni zile dakika za asubuhi kabla ya somo la kwanza, watoto wanapokaa sakafuni kwa mviringo na kila mmoja akasema amekujaje. Si kwa miguu au kwa baiskeli. Amekuja na moyo gani. Mwenye hasira anasema, mwenye furaha anasema, asiyetaka kusema anaachwa. Hakuna uchawi hapo. Lakini tangu tuanze, ngumi za wakati wa mapumziko zimepungua, na watoto waliokuwa wakitoroka wamerudi wenyewe bila kufuatwa na kiboko.

Leo mvua ilipiga bati hata hatukusikilizana, tukatumia mikono. Hiyo ni akili ya Mshauri, binti aliyeajiriwa kuwasikiliza watoto na kutufunza sisi walimu kusikiliza. Kiganja wazi ni "niko salama". Ngumi ni "nina hasira". Kidole mdomoni ni "leo sisemi". Mkono kifuani ni "naomba mtu akae nami". Ishara nne tu. Hata Chiriku, yule binti ambaye akinyamaza ujue anaumwa, huzitumia bila ubishi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao cha walimu. Mwalimu mkuu alisimama akashika mkanda wa suruali, na huyu akishika mkanda ujue habari si njema. Wafadhili waliokuwa wakilipa mshahara wa Mshauri wamemaliza mradi wao wamekwenda zao. Wametuachia bango lenye picha ya watoto wanaocheka, ambao hakuna hata mmoja wa shule hii.

"Mzigo sasa ni wetu wenyewe," alisema Mkuu, "na mnaujua mfuko wetu."

Naujua sana. Mfuko wetu ulipaka rangi geti kwa sababu mgeni fulani angepita barabarani. Akapita, kioo cha gari kimefungwa. Mfuko wetu umeweka zulia ofisini. Lakini likija suala la mtu mmoja anayewasikiliza watoto mia kadhaa, mfuko ghafla umetoboka.

Nilinyoosha mkono nikauliza kwa nini kila tunapoambiwa tujifunge mkanda, wa kwanza kufungwa ni watoto. Mkuu aliniangalia kwa upole. "Mwalimu, mimi na wewe tuko pamoja. Nitapigana." Namwamini. Mtu aliyetokwa na machozi mbele ya wafadhili akisimulia jinsi Duara lilivyoibadilisha shule hii hawezi kuligeuka.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu wa hesabu, ambaye watoto wamembatiza Rula kwa kuwa amenyooka mwili na maneno, kanikuta kwenye birika la chai.

"Pole, mwalimu. Nasikia kikao chenu cha kilio kinafungwa."

"Kinaitwa Duara."

"Duara, pembetatu, vyovyote. Mnakaa mnaulizana habari za moyo, halafu wanakuja kwangu hawajui kugawanya."

"Mtoto mwenye donge moyoni hagawanyi kitu," nikamjibu.

"Basi aligawanye hilo donge," akasema, akaondoka na chai yake.

Simpendi mtu huyu na sijifichi.

Alhamisi, 14 Machi

Chumba cha Mshauri kimefanywa stoo ya karatasi za mitihani. Yeye nimemkuta verandani na mkeka wake na viti vyake viwili, anamsikiliza mtoto wa darasa la pili huku walimu wanapita na vikombe. Kila mtu akipita, mtoto ananyamaza. Akishapita, mtoto anatafuta pale alipoishia, hapaoni.

Nilikwenda kwa Mkuu. Akaniambia karatasi hazitakiwi kupata unyevu. Karatasi! Mtoto arushiwe manyunyu, karatasi ikae pakavu. Nimeshindwa hata kula mchana.

Jumapili, 17 Machi

Mama mkwe, aliyepikia bweni miaka mingi na anaishi nasi tangu astaafu, kanisikia nikilalamika jikoni. "Mwanangu, enzi zetu ukilia bila sababu unaongezwa ili ulie kwa sababu." Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Nikawaambia wote wawili kwamba ndiyo maana humu ndani hakuna anayejua kuomba radhi.

Jumatano, 20 Machi

Afisa elimu amekuja. Viatu vinang'aa kana kwamba tope linamwogopa. Tulikaa ofisini kwenye lile zulia: yeye, Mkuu, Mshauri na mimi, kwa kuwa darasa langu ndilo lililoanza Duara.

Mshauri alieleza vizuri, mdogo wangu yule. Alieleza watoto waliorudi shuleni, ugomvi uliopungua, na binti aliyethubutu kusema jambo la nyumbani kwao likashughulikiwa kabla halijaharibika. Afisa aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kisha akasema, "Yote mazuri. Lakini kisichopimika hakilipiwi. Nikienda kuomba fungu la fedha nitaulizwa alama ziko wapi."

"Alama za nini?" nikauliza.

"Za hizo hisia."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Wataleta mtihani wa majaribio kwa darasa la tano: maswali ya kuchagua herufi, na machache ya kujieleza. Wastani ukifika panapotakiwa, Duara linabaki kwenye ratiba na nafasi ya Mshauri inaingizwa kwenye bajeti. Usipofika, muhula ujao Mshauri hayupo na dakika zile zinakuwa za marudio ya hesabu.

Mkuu alisema ni fursa nzuri. Aliyesema atapigana, ngumi yenyewe ndiyo hiyo.

Jumatatu, 25 Machi

Nafanya jambo ninalolichukia. Nimesimama ubaoni nawakaririsha watoto "aina za hasira". Afisa ameleta muhtasari, na muhtasari unasema aina ni tano, kwa hiyo ni tano.

Chiriku akanyoosha mkono. "Mwalimu, hasira ya kurukwa zamu ya kufuta ubao ni aina ya ngapi?"

"Haimo kwenye muhtasari."

"Lakini ipo. Ninayo hapa sasa hivi."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka, kisha nikaona haya. Hatukufanya Duara leo. Tulilitumia kujiandaa kwa mtihani wa Duara.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Tumekariri dalili za huzuni.

Ijumaa, 5 Aprili

Mrefu hakuja wiki nzima. Ni yule mvulana wa nyuma ambaye magoti yake hayaenei chini ya dawati. Leo nimepata habari: bibi yake amefariki. Bibi ndiye aliyemlea tangu anyonyeshwe kwa chupa. Mama yake yuko mbali kikazi na baba hajulikani alipo. Mshauri kaenda kwao kwa miguu, mvua ile, maana nauli hana.

Jumatatu, 8 Aprili

Mrefu amerudi. Kwenye Duara hakusema. Aliweka mkono kifuani, akauacha hapohapo. Chiriku akahama kutoka upande wa pili, akaketi pembeni yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue binti yule akakaa bila kusema neno mpaka kengele ya somo.

Nikimleta afisa aone hili, atatoa rula apime nini?

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Mtihani ulikuwa leo. Walimu wa darasa haturuhusiwi kuingia, kwa hiyo wameleta msimamizi kutoka shule nyingine, kijana mpole tu, amebeba bahasha zilizofungwa kwa lakiri kama zenye siri za jeshi. Mimi nilikaa ofisi ya walimu. Mvua ilianza punde baada ya kengele, na ikaanza kwa kishindo.

Yaliyotokea nimeyapata kwa watoto, kwa msimamizi mwenyewe, na kwa Rula aliyekuwa akifundisha chumba cha pili, ambako ukuta ni mbao zenye nyufa. Wote wamesema yaleyale.

Kwenye maswali ya kujieleza kulikuwa na swali kuhusu kufiwa. "Taja dalili tatu za mtu aliyefiwa." Mrefu akalisoma. Akaweka kalamu chini, akaanza kulia. Si kwa sauti. Mabega tu, kisha pumzi. Akaweka mkono kifuani.

Sasa fikiria darasa limefundishwa kwa zaidi ya mwaka kwamba mkono ukienda kifuani, mtu asiachwe peke yake. Chiriku akainuka. Hakuomba ruhusa, maana kwenye Duara haiombwi. Akaenda akabanana naye kwenye dawati. Wenzao wakageuka, na kwa kuwa mvua ilikuwa inapiga bati, wakafanya tunachofanya mvua ikipiga bati. Huyu akainua kiganja. Yule akakunja ngumi, kwa maana amekasirika kwa niaba ya mwenzake. Wengine wakaweka kidole mdomoni. Darasa zima likawa mikono.

Msimamizi akainua macho. Anaona nini? Ishara nne. Na mbele yake ana karatasi yenye maswali ya kuchagua kati ya A, B, C na D.

Akapiga kengele ya mezani, akakusanya karatasi zote. Kwenye ya Chiriku na ya Mrefu akapiga mkwaju mwekundu kutoka kona hadi kona.

Nilipofika mlangoni Chiriku alikuwa amesimamishwa mbele, mikono nyuma, kama mwizi wa kuku. "Mwalimu," akaniambia, "sikumwambia jibu hata moja. Mimi mwenyewe siyajui."

Nilimweleza yule kijana maana ya ishara. Alisikiliza. Nadhani hata aliniamini, uso ulimbadilika. Kisha akasema, "Samahani, mwalimu wangu, nimeshaandika taarifa. Na taarifa ikishaandikwa si yangu tena."

Darasa limeadhibiwa kwa huruma kwenye mtihani wa huruma. Nimeyasema haya kwa sauti njia nzima kurudi nyumbani, watu wakanipisha.

Ijumaa, 12 Aprili

Mrefu hakuja. Chiriku amekuja, hazungumzi. Kwenye Duara watoto wameweka mikono chini ya mapaja. Nimewauliza kwa nini. Mmoja akasema, "Tunaogopa itahesabiwa."

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeitwa. Afisa, Mkuu, mimi, na karatasi zile mezani.

Afisa anazungumza taratibu sana, kama daktari. Wamesahihisha kile watoto walichokuwa wamekwisha kuandika. Wastani wa darasa umefika, hata umepita kidogo. "Hongera," akasema. Kwa hiyo kuna njia. Nitie sahihi taarifa kwamba wanafunzi wawili, kwa hiari yao, walifanya udanganyifu, na wengine waligeuka tu kushangaa. Wawili watafutiwa na kurudia darasa, kwa kuwa kanuni ndiyo hiyo. Waliobaki matokeo yao yanasimama. Duara linabaki. Mshauri anabaki.

"Na nikisema ukweli?"

"Upi?"

Nikamweleza ishara zote nne, kila moja na maana yake, na kwamba darasa zima lilikuwa likimpa pole mwenzao.

"Kwa hiyo unakiri kwamba darasa zima lilitumia ishara ndani ya chumba cha mtihani," akasema, bado taratibu. "Nikiandika hivyo, ninafuta darasa zima. Pasipo matokeo hapana fungu. Mwalimu, nakusaidia. Fikiri mpaka keshokutwa, kamati ya shule itakapokaa."

Mkuu alikuwa akikwangua doa la chai kwenye meza kwa ukucha. Nilimsubiri apigane. Doa likatoka.

Wakati wakiinuka nikavuta karatasi ya Chiriku niisome. Mwandiko wake unapinda kama anavyokimbia. Alikuwa amejibu yote mpaka swali moja kabla ya mwisho: "Mwenzako analia. Eleza kwa mpangilio hatua utakazochukua." Pale hakuandika kitu. Alikuwa ameinuka.

Nilimwonyesha Mkuu. Aliliangalia swali, akaiangalia nafasi tupu, akasema, "Inasikitisha." Inasikitisha! Nyumba ikiungua utasema kuna joto kidogo?

Jumanne, 16 Aprili

Nimemweleza mama mkwe. Nilitegemea atanitania. Hakunitania.

"Tia sahihi, mwanangu."

"Mama!"

"Nisikilize. Watoto wawili watarudia darasa, watalia, watasahau. Yule binti wa ushauri ana mama mgonjwa na mdogo wake anayemsomesha. Na hao wengine wote shuleni, wa nyuma yao na watakaokuja, watabaki na mtu wa kuwasikiliza. Wewe unataka kuwa msafi, halafu wote wakose?"

Nimezoea kubishana na mama mkwe akikosea. Akisema la maana sina mazoezi.

Jioni nikaenda kwa Mshauri. Anakaa chumba kimoja, jiko la mafuta mlangoni, nguo zimeanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Nikamweleza lote. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza watoto, hakunikatiza. Nilipomaliza nikamuuliza, "Nifanyeje, mdogo wangu?"

"Dada, naomba usiniulize mimi."

"Nimuulize nani sasa? Kazi ni yako."

"Ndiyo maana. Ukiniuliza, nitakwambia utie sahihi." Akaanza kukunja nguo ambazo hazijakauka. "Sitaki kuwa mtu aliyesema hivyo. Na sitaki kufukuzwa. Vyote viwili navitaka kwa pamoja, na haiwezekani. Nenda nyumbani, dada."

Nimeondoka nimekasirika, lakini si kwake. Nimewakasirikia watu waliomweka binti yule mahali ambapo wema wake unamgharimu mlo. Wao leo wamelala kwenye magodoro yao, wala hawajui kwamba kuna nguo mbichi inakunjwa kwa ajili yao.

Jumatano, 17 Aprili

Kamati imekaa kwenye darasa la saba, wazazi wachache, walimu, afisa mbele. Mkuu akasoma taarifa ile, akaisogeza kwangu na kalamu juu yake.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yote yakanitoka. Nikasema, "Watoto hawa hawakudanganya. Mkitaka mdanganyifu kwenye karatasi hii, itabidi nitie sahihi, ndipo atapatikana." Nikasukuma karatasi ikarudi.

Kukawa na minong'ono. Afisa akasema anaheshimu hisia zangu lakini kanuni ni kanuni. Hapo akasimama Rula. Nikajisemea moyoni, haya, aliyebaki naye aje anikanyage.

"Mimi hawa nawafundisha hesabu," akasema. "Kama wangekuwa wanajua kuibiana kwa ishara, alama zao kwangu zisingekuwa zile. Nawaapia, hawa hata kuibia hawawezi."

Watu wakacheka, afisa naye. Rula hakucheka.

"Mwaka jana mke wangu alilazwa. Sikumwambia mtu hapa. Siku moja nimekaa kwenye benchi la uwanjani, mtoto mmoja wa darasa hilo akaja akakaa pembeni yangu. Nikamfukuza. Hakwenda. Hakusema kitu, alikaa tu mpaka nilipoinuka. Nilimwona yule mvulana akilia siku ya mtihani, kupitia ufa wa ukuta, nikajua kinachofuata ni mtu kuinuka kwenye kiti. Nilijua, jamani. Hata mimi nisiyelitaka Duara nilijua. Nyinyi mnaolipima mlikuwa hamjui?"

Akakaa. Miaka yote hii nimemwona adui, kumbe adui yangu ni yule aliyekuwa akiniambia "tuko pamoja".

Afisa akaandika. Darasa zima limefutwa. Rekodi za Mrefu na Chiriku haziguswi, kwa kuwa panapofutwa wote hakuna mkosaji wa kumtaja. Hiyo ndiyo nafuu pekee niliyoipata, nayo nimeinunua kwa kibarua cha mtu mwingine.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Mshauri hanisemeshi.

Ijumaa, 19 Aprili

Hanisemeshi. Mrefu amerudi.

Jumatano, 24 Aprili

Uamuzi umefika. Duara limeondolewa kwenye ratiba, nafasi ya Mshauri inafungwa mwisho wa mwezi. Tulilitegemea hilo. Tusilolitegemea ni aya ya mwisho, ambayo Mkuu aliisoma kikaoni akitabasamu: kwamba hata hivyo, kutokana na umuhimu wa malezi ya hisia, walimu "wanahimizwa kuendelea nalo kwa moyo wa kujitolea", na kwamba shule yetu itatembelewa muhula ujao kama mfano wa kuigwa.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikaomba aisome tena. Akaisoma tena.

Kwa moyo! Kila kazi inayogusa moyo inatakiwa ifanywe kwa moyo, yaani bure. Mbona mpaka rangi wa geti hakupaka kwa moyo? Mbona zulia halikutandikwa kwa moyo? Karatasi za mitihani zimepata chumba, kufuli na mlinzi. Binti aliyekwenda msibani kwa miguu mvuani ndiye asiye na mahali kwenye bajeti, na sasa tunaambiwa tufanye kazi yake, bila yeye, bila dakika, halafu waje wageni watupigie makofi.

Nikasema nitaendelea kukaa na watoto wangu sakafuni, hilo sihitaji kuhimizwa. Lakini wageni wakija nitawaambia hapa hakuna mradi, kuna walimu wanaoibiwa muda na binti aliyefukuzwa. Mkuu akanivuta pembeni baadaye. Akaniambia angepinga, wangemhamisha, na amebakisha miaka michache astaafu. Alisema ukweli, niliona. Nikamwambia, "Basi ungesema hivyo siku ya kwanza, badala ya kusema utapigana. Ningetafuta mwenzangu mapema."

Rula kanifuata kwenye chai. "Hizo dakika nimepewa mimi, marudio ya hesabu. Mimi huwa nachelewa kufika darasani," akasema, mtu ambaye hajachelewa tangu azaliwe. "Sana tu nachelewa."

Alhamisi, 25 Aprili

Siku ya mwisho ya Mshauri. Mkeka chini ya kwapa, kiti kimoja kila mkono. Nilimsindikiza mpaka getini, kiti kimoja nikabeba mimi.

"Nimekukasirikia, dada," akasema. "Najua ulifanya sawa, na nimekukasirikia. Itapita. Haijapita."

Nilitaka kumwomba radhi. Akatikisa kichwa, akachukua kiti chake, akaenda. Nikakumbuka kwamba ni yeye aliyetufunza kutomharakisha mtu.

Jumanne, 30 Aprili

Kufunga shule. Asubuhi nimekaa sakafuni na wanangu kwa mara ya mwisho muhula huu. Rula alichelewa, kama alivyoahidi. Mvua haikunyesha, kwa hiyo tuliweza kusemezana, na nikaona siwezi kuwaacha waende likizo wakichukua habari za nusunusu barabarani. Nikawaeleza: mtihani umefutwa, Mshauri hatarudi, hawakukosea.

Chiriku amekuwa kimya siku nyingi. Leo aliinua mkono, kama mgeni.

"Mwalimu, ningebaki kwenye kiti changu, Mshauri asingeondoka?"

Wote wakaniangalia. Mrefu akainamia magoti yake. Uongo ulinijia tayari umevaa nguo nzuri: kwamba angeondoka tu, kwamba mambo ya wakubwa ni magumu. Lakini mwaka mzima nimekaa kwenye sakafu hii nikiwaambia waseme lililopo.

"Ndiyo," nikasema. "Ungebaki, asingeondoka."

Alifikiri. Niliona anavyofikiri, midomo inamchezacheza. Mrefu akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Mimi ningekaa peke yangu."

Chiriku akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "Basi waliotunga hivyo," akasema, "ndio waandikiwe sifuri."

Kazi yangu ni kusahihisha watoto. Huyu sikumsahihisha.